Tukizuru Chyulu, Tuanze na Wazee Kabla ya Mapango

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinapopanga ziara za mafunzo, mahali panapotajwa kwanza ni Lamu, Mombasa na Unguja. Sina kinyongo na pwani. Lugha yetu ina deni kubwa kwake. Hata hivyo, ni maoni yangu kuwa wakati umewadia wa kuelekeza basi letu Ukambani, katika kaunti za Kitui na Makueni, na kuhitimisha safari ndani ya mapango ya Milima ya Chyulu. Naweka sharti moja tu. Ziara hiyo ipangwe kama kazi ya fasihi simulizi, wala isiwe matembezi ya kupiga picha. Tukienda kama watalii, heri tubaki chuoni.

Bila shaka wapo watakaouliza: Kiswahili kina nini Ukambani? Jibu limo katika historia ya lugha yenyewe. Katika karne ya 19, misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Rabai na Mombasa, na biashara haifanywi bila lugha ya kuelewana. Johann Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, alifika Kitui mwaka 1849 akiwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri, na akiwa huko ndipo alipouona Mlima Kenya. Kwa hiyo, anayedhani kuwa Ukambani ni nje ya uwanja wetu na asome upya historia hiyo.

Sasa natuitazame Chyulu. Milima hii, ambayo Wakamba huiita Kyulu, ilitokana na volkano changa. Kilele chake kinakaribia mita 2,200, na sehemu yake ilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka 1983. Lava ilipotiririka, uso wake ulipoa ukawa mwamba ilhali uji wa moto uliendelea kupita chini. Ulipokwisha kupita ukaacha njia tupu, ndiyo mapango tunayoyataja. Refu kuliko yote lina zaidi ya kilomita 11, na liliwahi kuhesabiwa la kwanza duniani kati ya mapango ya lava yaliyokuwa yamepimwa, kabla ya Kazumura la Hawaii kulipita. Mvua inayonyesha juu ya milima hii haifanyi mito. Huzama katika majivu na mawe yenye vitundu, kisha huibuka mbali, katika chemchemi za Mzima ndani ya Tsavo Magharibi. Kutoka Mzima, bomba lililojengwa katika miaka ya 1950 hupeleka maji Mombasa. Mkazi wa Mombasa anayekunywa maji hayo anakunywa mvua ya Chyulu.

Hayo ni ya jiografia. Kwa mwanafunzi wa fasihi, kazi inaanzia kwenye majina. Pango lile refu lilipewa na wapimaji wake, katika miaka ya 1970, jina la Leviathan, yule mnyama wa kutisha wa Biblia. Karibu na milima hiyo kuna uwanda mweusi wa lava iliyomwagika katikati ya karne ya 19, nao unaitwa Shetani. Basi jina moja limetoka katika Biblia ya Kiingereza, na jingine ni neno la Kiswahili lenye asili ya Kiarabu. Wenyeji walioushuhudia moto ule walikuwa na lugha zao, Kikamba na Kimaasai. Wao waliuitaje? Je, walisema ni shetani, au walisema ni aimu, yaani mizimu ya wahenga, kisha mfasiri fulani akateleza? Tofauti si ndogo. Aimu huheshimiwa na kutambikiwa, shetani hulaaniwa. Tena neno aimu na neno mizimu ni ndugu wa shina moja, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa na neno linalofaa zaidi. Vilevile kuna kreta ya jirani iitwayo Chaimu. Sauti ya jina hilo inamshawishi msikilizaji kulihusisha na aimu, lakini kufanana kwa sauti si ushahidi. Ushahidi uko vinywani mwa wazee, nao hawatungoji milele.

Tukichelewa, yatatokea yaliyolifika Jiwe la Nzambani, karibu na mji wa Kitui. Karibu kila Mkenya amesikia kwamba anayelizunguka mara saba hubadilika jinsia. Sentensi hiyo moja imekuwa tangazo la kuvutia wageni. Wachache wanajua kuwa kuna pia kisa cha msichana aliyeitwa Nzambani na jiwe lililokua, na wachache zaidi wamewahi kukisikia kikisimuliwa kwa ukamilifu, kwa Kikamba, na fanani mbele ya hadhira yake. Kisaasili kizima kimepunguzwa kikawa mzaha wa njiani. Sitaki Chyulu ipatwe na hayo, na sisi ndio tuliosomeshwa mbinu za kuyazuia.

Napendekeza basi ziara ya siku nne, mwezi wa Agosti. Wakati huo mvua za masika zimekwisha, njia za mlimani zinapitika, na wakulima wengi hawana shughuli za kupanda kama mwezi wa Novemba. Siku ya kwanza tuwe Kitui, Nzambani. Siku ya pili tushuke kwa barabara ya Mutomo hadi Kibwezi. Siku ya tatu yote tuwasikilize wazee wa vijiji vilivyo chini ya milima, wakiwemo wa familia zilizokuwa zikilima huko juu na zikaondolewa mbuga ilipoanzishwa. Hao nao wana masimulizi yao, na si lazima yafanane na yale ya vibao vya mbugani. Siku ya nne ndipo tuingie mapangoni, pamoja na askari na waelekezi wa Shirika la Wanyamapori, kwa kuwa nyati na ndovu wamo. Kila mmoja awe na tochi mbili, viatu vigumu na kofia ya kukinga kichwa, maana mwamba wa lava hukata kama kigae na mle ndani hamna mwanga wowote. Atakayeingia akiwa amekwisha kusikia visa ataliona giza lile kwa jicho jingine.

Kuna pia suala la haki. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 kuhusu ulinzi wa maarifa ya jadi na sanaa za kijamii inatambua kuwa mali hiyo ni ya jamii. Hivyo, ruhusa ya mzee kurekodiwa iombwe kabla ya kinasa sauti kuwashwa, na kibali cha utafiti kitafutwe mapema. Fanani alipwe kwa siku yake, kama tunavyomlipa dereva bila kunung'unika. Halafu nakala ya kila rekodi, pamoja na maandishi ya Kikamba na tafsiri ya Kiswahili, irudishwe katika shule za vijiji hivyo. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Miaka nenda miaka rudi, watafiti wamekuwa wageni wanaopona wao kwa shahada, huku mwenyeji akibaki alivyokuwa.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wa kwanza atasema fedha hazitoshi. Lakini Kibwezi iko kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Safari hii haiwezi kuzidi gharama ya ziara ya Lamu. Wa pili atasema kukusanya ngano za Kikamba ni kazi ya idara nyingine. Huyo namuuliza: idara ipi? Katika vyuo vyetu vingi hakuna idara ya Kikamba. Tusipoyaandika masimulizi haya na kuyafasiri kwa Kiswahili, hakuna mwingine aliyepanga foleni kuyaandika. Na fasihi ya Kiswahili inayojiita ya kitaifa haiwezi kuishi kwa kujirudia yenyewe.

Naiomba kamati ya chama iliweke pendekezo hili katika ajenda ya mkutano wake ujao, na wahadhiri wetu wakubali kuihesabu ziara hiyo kama sehemu ya kozi ya fasihi simulizi. Mapango yamekuwapo kwa maelfu ya miaka na yatatusubiri. Wazee wanaoyajua majina yake ya awali hawana muda huo.