Isafiri Chupa, Asisafiri Mgonjwa

Mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, kisha akaiona damu tena, si haki aambiwe kwamba hayo ni mambo ya uzee. Kwani katika kila kumi wa hali yake, mmoja hivi hukutwa na saratani ya mji wa mimba, na yakini haipatikani ila kwa kutwaa akali ya utando wa ndani na kuipima kwa darubini.

Kwa wakaao Oruchinga na Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, makazi yaliyopokea wakimbizi tangu karibu na mwaka 1960, na ambamo Mkongo na Mrundi huelewana aghalabu kwa Kiswahili, yakini hiyo imekuwa na maana ya nauli ya kwenda mji wa Mbarara, chumba cha upasuaji, nusukaputi, kukwanguliwa kizazi na ndugu wa kuwauguza. Wala taabu hiyo haikuwa dhamana ya ubora: mwaka 1975 watafiti Stock na Kanbour, walipovipasua vizazi vilivyotolewa mara tu baada ya kukwanguliwa, waliona kwamba katika sita kwa kila kumi hata nusu ya utando haikufikiwa.

Ipo njia nyepesi zaidi: mrija laini wa plastiki, wa milimita tatu hivi, wenye kijiti ndani, huingizwa kwa mlango wa kizazi. Tabibu hukivuta kijiti, akauzungusha mrija huku akiurudisha, na mvuto ukaubandua utando. Mgonjwa hushikwa na msokoto kama wa siku zake, kisha hurudi kwake kwa miguu. Mrija ukikosekana, lipo bomba la mkono la kufyonza, ambalo wahudumu wa walioharibikiwa mimba wamelizoea, nalo hutakaswa likatumika tena.

Basi hoja yetu ni kwamba kazi hii, baada ya kuhakikisha kuwa hakuna mimba, ifanywe katika kituo cha afya cha makazi, na kinachosafiri kwenda kwa matabibu wa Mbarara kiwe chupa ya formalini yenye jina la mgonjwa, kwa kuwa chupa haiachi watoto nyumbani wala shamba bila mlimaji. Lakini anayenunua mirija, asitenge ujira wa maabara wala njia ya jibu kumrudia mwenyewe kwa lugha aifahamuye, amenunua maumivu bila faida. Na jibu likiwa jema ilhali damu haijakoma, mgonjwa apimwe tena. Wapangao bajeti ya Isingiro wahesabu mrija, safari ya chupa na jibu kuwa gharama moja isiyogawanyika.