Ajali ya Maabara Ina Kinga

Wahenga walisema kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo huwaliwaza waliofikwa na msiba, nayo ina mahali pake. Lakini inapotamkwa mlangoni mwa maabara ya shule, baada ya mwanafunzi kurukiwa na asidi usoni, haiwi tena neno la faraja bali udhuru. Katika maabara ya sekondari karibu kila ajali ina chanzo kinachojulikana, na jambo ambalo chanzo chake kinajulikana laweza kuzuiwa. Sayansi yenyewe imejengwa juu ya msingi huo. Mwalimu anayeeleza sababu na matokeo ubaoni, kisha akaiita ajali ya mezani kwake bahati mbaya, ameikana sayansi anayoifundisha.

Katikati ya miaka ya 2010 wananchi wa Tanzania walihimizwa kujenga maabara za fizikia, kemia na biolojia katika shule za sekondari za kata. Watu walichanga fedha, wakasomba mawe na mchanga, na kuta zikasimama. Hapana shaka kwamba juhudi hiyo ilistahili sifa. Hata hivyo kuta na meza hazifanyi maabara. Maabara ni mahali ambapo mwanafunzi hushika vitu kwa mikono yake na kuuliza maswali kwa vitendo. Na pale mikono ishikapo asidi, moto na kioo, usalama hauwezi kuwa jambo la pembeni.

Kuhusu jambo hili walimu hukosea kwa njia mbili zinazopingana. Wa kwanza huogopa ajali, akafunga mlango kwa kufuli na kuwafundisha wanafunzi majaribio kwa chaki tu mpaka wiki chache kabla ya mtihani wa vitendo. Wa pili hufungua mlango na kuendelea kama alivyozoea, akijitetea kwamba tangu aanze kazi hakuna aliyeumia. Wa kwanza hakuondoa hatari bali ameiahirisha, kwa maana wanafunzi wake watashika bureti na asidi kwa mara ya kwanza wakati ambapo wana haraka na hofu ya mtihani. Wa pili anaichukua bahati yake kuwa ndiyo ujuzi. Wote wawili wamesahau kwamba usalama ni elimu, nayo hufundishwa kama elimu nyingine yoyote.

Ukutani mwa maabara nyingi hubandikwa orodha ya makatazo: usikimbie, usile, usionje, usiguse. Orodha hiyo ni nzuri, lakini amri isiyoelezwa hudumu kwa muda ule tu ambao mtoa amri yupo. Chukua mfano wa kuzimua asidi ya salfuriki. Kila mwanafunzi wa kidato cha tatu amekwisha kukariri kwamba asidi hutiwa kwenye maji, wala si maji kwenye asidi. Ni wangapi wanaoweza kueleza kwa nini? Asidi nzito ya salfuriki ina densiti ya takribani gramu 1.84 kwa kila sentimita moja ya ujazo, hali maji yana gramu 1. Maji yakimiminwa juu ya asidi huelea juu yake kwa sababu ni mepesi. Mahali yanapokutana hutoka joto kali, na maji yale machache huchemka papo hapo, kwani huchemka kwa nyuzi 100 za Sentigredi ilhali asidi huhitaji zaidi ya nyuzi 300. Mvuke huo hulipuka na kurusha matone ya asidi. Asidi ikitiwa polepole kwenye maji mengi huku yakikorogwa, huzama na kuchanganyika, na joto lake hugawanywa katika maji yote. Mwanafunzi aliyeelewa hayo hahitaji kuchungwa; atakumbuka hata akiwa kiwandani, miaka mingi baada ya kumsahau mwalimu wake.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vingi havilisemi, kwa kuwa viliandikwa katika nchi za baridi. Spiriti inayotumika katika taa za maabara hutoa mvuke wa kutosha kushika moto kuanzia takribani nyuzi 13 za Sentigredi. Katika ghala baridi la Ulaya wakati wa kipupwe mvuke huo waweza kuwa hafifu. Lakini katika darasa la Dar es Salaam, Mombasa au Unguja mchana, spiriti i tayari kuwaka saa zote. Ndiyo maana kujaza taa ambayo ingali ina moto, au iliyozimwa sasa hivi na bado ina joto, ni kosa kubwa. Aidha mwali wa spiriti hauonekani vizuri penye mwanga mkali wa jua, hata mtu akadhani taa imezimika. Etha nayo huchemka chini kidogo ya nyuzi 35, yaani chini ya joto la mwili wa binadamu. Chupa ya etha iliyowekwa kwenye rafu chini ya paa la bati lisilo na dari haina budi kuhesabiwa kuwa chupa ya hatari, hata kama ilikaa salama huko ilikotengenezwa.

Ghala lenyewe lastahili kutazamwa. Mtunza maabara mwenye bidii hupenda kupanga chupa kwa kufuata alfabeti, ili zipatikane upesi. Kwa mpango huo asetoni hukaa ubavuni mwa asidi ya nitriki. Vitu hivyo viwili vikivuja na kukutana huweza kuwaka na kulipuka. Kemikali zapaswa kupangwa kwa tabia zake: vinavyowaka mbali na vile vinavyosaidia uwakaji, asidi mbali na alkali, na chupa nzito za asidi chini karibu na sakafu, wala si juu ya kichwa cha mtu.

Watu wengine hudai kwamba usalama ni anasa ya shule zenye fedha. Dai hilo lina ukweli kidogo, lakini halitoshi kuwa kisingizio. Ni kweli kwamba chemba ya kuvuta moshi ina gharama kubwa. Lakini desturi ya kunyonya pipeti kwa mdomo, ambayo ingali hai katika shule nyingi, haikutokana na ufukara wa fedha. Kipira cha kunyonyea hakigharimu sana, na pasipo kipira, bomba la sindano la plastiki lililounganishwa na kipande cha mpira hufanya kazi ileile. Majaribio mengi ya neli yaweza kufanywa kwa matone kumi badala ya sentimita kumi za ujazo. Kwa kuwa matone 20 hivi hufanya sentimita moja ya ujazo, kemikali inayotumika hupungua mara ishirini. Gharama hupungua, mvuke hupungua, na hatari hupungua.

Maji ni mfano mwingine. Asidi au alkali ikiingia jichoni, dawa ya kwanza ni maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kope zikiwa zimefunuliwa. Mtu asijaribu kuitibu asidi ya jichoni kwa kutia alkali, wala alkali kwa asidi. Wakati unaopotea ndio unaoharibu jicho. Maji yakimiminwa kwa kiasi cha lita moja na nusu kwa dakika, dakika 15 zahitaji lita 22 na nusu. Basi shule isiyo na bomba ijue kwamba ndoo moja ya lita 20 haitoshi. Ndoo mbili safi zenye koki, zinazojazwa kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, zaweza kumwokolea mtoto macho yake. Baada ya hapo apelekwe kwa mganga bila kukawia.

Hatari iliyofichika zaidi hutoka katika adhabu. Shuleni mara nyingi mwanafunzi aliyevunja kipimajoto hulipishwa au huchapwa. Matokeo yake ni rahisi kubashiri: akikivunja hatasema. Atavisukuma vipande chini ya meza kwa mguu, na matone ya zebaki yataingia katika nyufa za sakafu. Zebaki hutoa mvuke wenye sumu, usio na rangi wala harufu, na kiasi cha mvuke huo huzidi maradufu joto linapopanda kutoka nyuzi 20 hadi 30. Hivyo mtoto mmoja anaepuka fimbo, na darasa zima linavuta sumu kwa miaka. Mkataba wa Minamata uliopitishwa mwaka 2013 umelenga kupunguza matumizi ya zebaki duniani, na vipimajoto vya spiriti vyapatikana. Ila hata kabla ya kuvinunua, mwalimu aweza kuanzisha daftari la ajali, ambamo kila tukio huandikwa, pamoja na yale yaliyokaribia kuwa ajali, na anayetoa taarifa hashitakiwi. Kosa lililoandikwa huwafundisha wote. Lililofichwa hungoja mtu wa pili.

Lugha nayo ina sehemu yake. Maonyo yaliyo juu ya chupa yameandikwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi aweza kuyatamka vizuri bila kujua kwamba maana yake ni kubabua ngozi au kupofusha. Mwalimu hapotezi chochote akibandika karatasi ya pili yenye maneno dhahiri: “Hubabua”, “Huwaka upesi”, “Ni sumu”. Tangu mwaka 2003 Umoja wa Mataifa umekuwa na mfumo wa pamoja wa alama za hatari za kemikali, wenye picha tisa ndani ya msambamba mwekundu. Picha tisa hazizidi kipindi kimoja cha dakika arobaini.

Na yeyote adhaniaye kwamba mambo haya ni ya wanafunzi wazembe, na aisome historia. Robert Bunsen, ambaye jina lake hutajwa kila kichomeo cha gesi kinapowashwa, alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja kutokana na mlipuko wa kiwanja cha arseniki alichokuwa akikichunguza. Mwezi Agosti 1996 Karen Wetterhahn, profesa wa kemia katika Chuo cha Dartmouth nchini Marekani na bingwa wa sumu za metali, aliangukiwa na matone machache ya dimethili ya zebaki juu ya glavu yake ya mpira. Alikuwa amevaa kinga iliyodhaniwa kuwa inatosha. Alifariki Juni 1997. Glavu za aina ile zilipopimwa baadaye ilibainika kwamba sumu hiyo hupenya katika sekunde chache tu. Kisa hicho hakifundishi kwamba kinga haina maana. Chafundisha kwamba kinga nayo ni jambo la kupimwa na kuchunguzwa, si la kuaminiwa kwa mazoea.

Yapasa basi usalama upewe heshima ya somo. Mtihani wa vitendo hukazia sana jibu: ujazo uliosomwa kwenye bureti, rangi ya mashapo, jina la chumvi. Kama sehemu ya alama ingetolewa kwa jinsi mtahiniwa anavyovaa miwani, anavyokunja mikono mirefu na kubana ncha za mtandio mbali na moto, anavyoelekeza mdomo wa neli mbali na jirani na anavyosafisha meza, walimu wangefundisha mambo hayo kuanzia kidato cha kwanza. Maana lisilotahiniwa shuleni aghalabu halifundishwi. Na kila shule yenye maabara iwe na mtunza maabara aliyefunzwa. Kumwachia mwalimu mmoja wanafunzi hamsini wenye taa hamsini ni kumtwika mzigo usiobebeka, kisha kumlaumu anapouangusha.

Tanzania ilitunga Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi mwaka 2003, na Kenya ikatunga yake mwaka 2007. Sheria hizo humtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake. Lakini mfanyakazi wa kiwanda, hospitali au mgodi haanzi kujifunza tahadhari siku anapoajiriwa. Alianza, au alikosa kuanza, katika chumba kile chenye meza ndefu na harufu ya amonia. Mwalimu afunguaye kufuli ya maabara, akajaza ndoo zake mbili za maji, akaeleza sababu ya kila katazo lililo ukutani, hamlindi mwanafunzi wake kwa kipindi kimoja tu. Anamjengea kinga atakayoondoka nayo shuleni.