Ulimi wa Mwonjaji na Mizabibu Mikongwe ya Dodoma

Wapo watu, na baadhi yao ni wasomi, washikiliao kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuonjea divai. Husema kuwa lugha iliyozaliwa pwani, kati ya watu ambao wengi wao dini yao imewakataza kinywaji hicho, haiwezi kutazamiwa kuwa na msamiati wake; kwa hiyo atakaye kuisifu divai nyekundu ya Dodoma hana budi kuazima ulimi wa Mfaransa au wa Mwingereza. Hoja hii imesemwa mara nyingi hata imeanza kufanana na kweli. Si kweli, wala madhara yake hayaishii katika kamusi. Yanafika shambani.

Mvinyo ni neno lililotoka kwa Wareno, divai kwa Wafaransa, na zabibu kwa Waarabu, ambao kwao ni jina la tunda lililokwisha kukaushwa. Lugha iliyokipokea kitu kwa milango mitatu haiwezi kuambiwa kwamba haikijui. Lakini majina si ladha, na ladha ndiyo inayobishaniwa. Basi apewe divai nzito ya zabibu nyekundu iitwayo Makutupora mtu aliyekulia Mvumi au Mpunguzi, kisha asikilizwe. Ule mkwaruzo unaoukausha ulimi ataujua mara moja kuwa ni ukakasi, neno alilolijua kabla hajajua kusoma, siku alipouma ndizi mbichi. Atapambanua uchachu na ugwadu, maana maziwa ya mgando na embe bichi havimkereketi kwa namna moja. Divai isiyo na nguvu ataiita chapwa. Iliyotimia atasema imekolea, na katika neno hilo moja mna uzito, utamu uliojificha, na kule kukaa kinywani baada ya kumeza. Mwingereza husema divai ya namna hiyo ni tajiri, na hapana amchekaye.

Harufu nayo ina watumwa wake. Mwanafunzi hufundishwa kusema kwamba divai nyekundu hunukia matunda ya vichaka vya Ulaya na mbao za mwerezi, vitu ambavyo aghalabu hajapata kuvinusa. Anakariri, haonji. Na huku nyumbani kwake mna zambarau iliyoiva mpaka ikapasuka, mna ukwaju, mna ubuyu, mna asali nyeusi ya porini yenye moshi wa mwenge wa mrina asali. Akisema zambarau na moshi, amesema jambo linaloweza kupimwa na jirani yake. (Wale wasiokunywa kwa ajili ya imani hawaombwi kunywa, lakini ukwaju na zambarau ni vyao pia, na katika maneno hayo wao ni mahakimu sawa na wengine.)

Ubishi huu unazidi uzito ifikapo mizabibu mikongwe. Wakulima wa nchi nyingi wanakubali kwamba mzabibu ukizeeka hupunguza vichala, na kile kidogo uzaacho huwa kizito zaidi. Wataalamu bado hawajapatana ni kiasi gani kazi hiyo hufanywa na umri wenyewe na kiasi gani na uchache wa matunda, wala hapana mwenye akili atakayedai kwamba shina baya huwa jema kwa kuzeeka tu. Lakini Dodoma ina hesabu yake. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi. Katika uwanda huu wa kati, wenye mvua ya msimu mmoja isiyofikia sana milimita 600 kwa mwaka, hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima huupogoa, nao huamka, na aweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Mzabibu wa miaka 30 hapa waweza kuwa umezaa mara 60. Anayeupima kwa kalenda ya Ufaransa anaupunja nusu ya maisha yake.

Zabibu hununuliwa kwa kilo, na kilo haiulizi umri. Mzee azaaye vichala vichache humtia bwana wake hasara mbele ya kijana azaaye vingi. Mnunuzi asipofika kwa wakati, tunda hukamuliwa na kuhifadhiwa kuwa mchuzi wa zabibu, na mchuzi ukishachanganywa katika pipa moja hapana tena shina kongwe wala changa. Wakulima wa huko waliionja taabu ya kukosa pa kuuzia baada ya kiwanda cha umma cha DOWICO kufa. Juu ya hayo yote mji mkuu, uliochaguliwa mwaka 1973 na kuhamiwa na serikali kwa nguvu tangu 2016, unapanuka, na kiwanja kina bei ambayo shamba halina. Kitu kisichotajwa kwa jina hakipewi bei, na shina lisilo na bei hung'olewa.

Yaliwapata Waaustralia. Katika miaka ya 1980 serikali ya Australia Kusini iliwalipa wakulima fedha wang'oe mizabibu, na mingi iliyong'olewa ilikuwa mikongwe isiyopatikana tena. Mwaka 2009 watu wa bonde la Barossa, wakiwa wamejifunza kwa uchungu, waliweka daraja za umri kwa iliyosalia: miaka 35, 70, 100 na 125. Afrika Kusini tangu 2018 ina mpango wa kuithibitisha mizabibu iliyotimiza miaka 35, na mwaka wa kupandwa huandikwa kwenye lakiri ya chupa. Wenye viwanda watasema Dodoma haina mizabibu ya miaka 125. Haina, wala haitakuwa nayo, ikiwa kila shina lifikalo makamo linahukumiwa kwa mizani ya kilo.

Kazi hiyo haihitaji mtambo. Kituo cha utafiti kipo Makutupora, na vyuo vikuu vipo mjini. Yahitajiwa daftari, na mtu wa kupita Bihawana, ambako mapadri walistawisha zabibu zamani, kisha Hombolo, Veyula na Mpunguzi, akiwauliza wazee shamba lipi lilipandwa mwaka gani, na kuandika ladha yake kwa maneno yao wenyewe. Afike kabla ya kupogoa, kwa sababu hapo ndipo mkulima anapoamua kama atakata matawi au atachimba shina.