Njumu za baiskeli zisigeuke geti la kuwafungia vijana nje

HAKUNA shabiki wa soka asiyejua kazi ya njumu. Fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1954 pale Bern, Uswisi, mvua ilinyesha, uwanja ukalowa, na Ujerumani Magharibi wakaingia na viatu vya Adi Dassler vyenye njumu za skrubu, zinazobadilishwa kulingana na hali ya uwanja. Ndani ya dakika nane walikuwa wameshachapwa mbili. Wakageuza kibao na kushinda 3-2 mbele ya Hungaria iliyokuwa haishikiki. Habari ya njumu zile inasimuliwa mpaka leo. Lakini mabao yalifungwa na Max Morlock na Helmut Rahn, hayakufungwa na skrubu.

Tumeanza na soka makusudi. Hapa Unguja kuna mchezo mwingine ulioingia kwenye mjadala huohuo wa njumu, nao ni baiskeli. Vijana wanaotoka alfajiri kujifua kwenye barabara za Bububu, Fumba na Paje sasa wanazungumzia pedali zinazonasa kiatu, na wenye uwezo wameshazifunga. Tuonavyo sisi, kifaa chenyewe ni kizuri. Kibaya ni maneno ya vijiweni kwamba asiyekuwa nacho asijisumbue kuingia kwenye resi. Hayo tunayapinga, na tutaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Zamani mwendesha baiskeli wa mashindano alichomeka mguu kwenye kikapu cha chuma kilichofungwa mbele ya pedali, kisha akaukaza kwa mkanda wa ngozi. Kutoka ilibidi ainame alegeze mkanda kwa mkono. Mwaka 1984 kampuni ya Look ya Ufaransa, iliyokuwa ikitengeneza vifungo vya viatu vya kutelezea kwenye theluji, ilileta ujuzi huo kwenye baiskeli. Chini ya soli inafungwa njumu moja bapa. Ukiikanyagia pedali inanasa kwa springi, na ukizungusha kisigino kwenda nje inaachia. Mwaka uliofuata, 1985, Bernard Hinault alishinda Tour de France yake ya tano akiwa na pedali hizo, na dunia nzima ikafuata. Mwaka 1990 Shimano wakaleta njumu ndogo ya chuma inayokaa ndani ya soli, mtu akaweza kushuka na kutembea bila kuteleza.

Sasa swali la msingi: zinaongeza nini? Hapa ndipo vijana wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Wanaambiwa kwamba mguu ukinaswa unakuwa unasukuma ukishuka na unavuta ukipanda, basi nguvu inakuwa mara mbili. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, ulipima nishati wanayotumia watu wakiendesha kwa nguvu ya wastani wakiwa na raba za kawaida kwenye pedali bapa, raba kwenye pedali za kikapu, na viatu vya njumu. Tofauti haikuonekana. Yaani katika mwendo wa kawaida, kiatu hakikupunguzii jasho.

Faida ipo, ila mahali pake. Unaposimama juu ya pedali na kupiga spidi ya mwisho kuelekea utepe, mguu hauchomoki. Ukipita kwenye matuta kama yale ya Jozani, yaliyowekwa ili magari yasigonge kima punju, mguu unabaki palepale. Mvua ya masika ikilowesha soli, huteleziki. Na katika resi ya saa nne au tano, kukaa na mguu sehemu ileile bila kuurekebisha kila dakika ni jambo la maana. Hizo ni faida za mtu aliyeshaiva. Kijana ambaye bado anakata pumzi akifika Mahonda, dawa yake ni mazoezi.

Mfano mzuri ni Biniam Girmay wa Eritrea. Julai 1, 2024, mjini Turin, alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France. Akaongeza nyingine mbili na kuondoka na jezi ya kijani, ambayo kwa lugha ya soka unaweza kuiita kiatu cha dhahabu cha wapiga spidi. Wote aliowaacha nyuma siku ile walikuwa na viatu vya njumu kama yeye. Kwa hiyo kilichomtenganisha nao si viatu. Ni miaka ya kukimbia na wenzake kwenye nchi ambayo baiskeli inapendwa kama sisi tunavyopenda Simba na Yanga.

Chris Froome naye, aliyezaliwa Nairobi na kuja kushinda Tour de France mara nne, alianzia Kikuyu chini ya mwalimu David Kinjah. Jirani yetu huyo hakuanza kwa kumuuliza kijana amevaa nini miguuni.

Sasa tuje kwenye hatari, kwa sababu hapa wauzaji huwa kimya. Mtu anayehamia pedali za kunasa huwa haanguki kwenye kasi. Anaanguka akiwa amesimama. Anafika Darajani, daladala linakata mbele kuchukua abiria, anafunga breki, anataka kuweka mguu chini, kumbe mguu umenaswa. Anadondoka kama gunia la karafuu, pembeni ya tairi la gari. Kwenye uwanja wa mpira ungecheka. Barabarani hakuna mwamuzi wa kusimamisha mchezo.

Na kuna jambo linalotuhusu sisi hasa. Video nyingi za mafunzo mitandaoni zinatoka Marekani na Ufaransa, ambako magari hukaa kulia. Wale hufundishwa kuchomoa mguu wa kulia, kwa sababu kulia kwao ndiko pembeni mwa barabara. Sisi tunakaa kushoto. Kijana wa Kikwajuni akiiga kama alivyoona, anaegemea katikati ya barabara, upande wa magari. Kwetu mguu wa kuchomoa kwanza ni wa kushoto, na unachomolewa kabla baiskeli haijasimama. Ukingoja mpaka isimame, umechelewa.

La pili ni goti. Njumu ikifungwa imepinda, mguu unalazimishwa kwenda njia ambayo goti halitaki, na mtu anakanyaga hivyo maelfu ya mara kwa saa. Maumivu hayaji siku hiyo. Yanakuja baada ya wiki, na kijana anadhani amechoka tu. Ndiyo maana njumu hutengenezwa kwa rangi tofauti kuonyesha kisigino kinaruhusiwa kucheza kiasi gani. Na hapo pana mtego: njumu nyekundu ya Shimano ya baiskeli za barabarani haichezi kabisa, ya bluu inacheza digrii 2, ya njano digrii 6. Kwa Look Keo ni kinyume: nyeusi ndiyo haichezi, ya kijivu digrii 4.5, na nyekundu digrii 9. Anayenunua mtumba kwa kuangalia rangi bila kuuliza kampuni anaweza kujifunga goti mwenyewe. Kwa anayeanza, achukue zinazocheza zaidi. Na kimo cha kiti kipimwe upya, kwa sababu soli na pedali mpya hubadilisha urefu wa mguu hadi chini.

La tatu ni kisiwa chenyewe. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi haina urafiki na springi. Mchanga wa Paje na Nungwi ukiingia kwenye njumu, kiatu hakinasi, au kinanasa na kugoma kuachia, ambalo ndilo baya zaidi. Njumu pana za plastiki nazo hazikutengenezwa kutembelea kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe. Zinateleza na kulika haraka. Kwa mtu anayeendesha mjini, ashuke asukume na apande tena, zile ndogo za chuma zinazojificha ndani ya soli zinafaa zaidi. Mazoezi yakiisha, suuza kwa maji baridi, kausha, tia mafuta kidogo kwenye springi. Ni kazi ya dakika tano.

Hatusemi haya ili kumtisha mtu. Kujifunza kwenyewe si kugumu, mradi kufanywe mahali panapofaa. Kama ni sisi, tungewapeleka vijana kwenye nyasi za Maisara au Mnazi Mmoja wakati hakuna mechi. Legeza skrubu ya springi mpaka mwisho. Shika nguzo ya goli, nasa, chomoa, mara hamsini mguu wa kushoto na hamsini wa kulia, mpaka mwili ufanye bila kuuliza kichwa. Kisha zunguka uwanja, mwenzako akupigie filimbi bila kukuonya, na kila filimbi iwe kusimama. Ukianguka, unaangukia nyasi. Wiki nzima ya hivyo, halafu ndiyo barabara, tena alfajiri kabla ya magari kujaa. Usifunge pedali mpya siku moja kabla ya resi. Kocha gani humvalisha mchezaji daluga mpya siku ya fainali?

Sasa turudi kwa wahusika, maana tahariri hii haiwahusu wanunuzi peke yao.

Unguja ina utajiri ambao hauonekani kwa sababu tumeuzoea. Kuna vijana wanaobeba mikate, samaki na mitungi kwa baiskeli nzito za chuma, kila siku, jua na mvua, kusi na kaskazi. Kisiwa hiki hakina milima, mlima wetu ni upepo, na vijana hawa wanaupanda kila asubuhi wakiwa na mzigo nyuma. Hao ndio timu zetu za mchangani. Soka la Zanzibar halikumwambia mtoto wa mchangani asubiri mpaka apate daluga. Lilimpa Juvenile, Junior na Central, akapanda ngazi moja baada ya nyingine. Mlandege walipotwaa Kombe la Mapinduzi 2023 na kulitetea 2024 kwa kuifunga Simba 1-0, nani aliuliza wachezaji wale walianza kucheza wakiwa na viatu gani?

Baiskeli nayo inastahili ngazi hizo. Kiatu na pedali zake kwa pamoja vinaweza kufikia bei ya baiskeli nzima ya mtumba. Tukiacha vifaa hivi viwe tiketi ya kuingilia, tutabaki na resi ya watoto wa wenye nacho, na yule muuza mikate mwenye mapafu ya simba atabaki pembeni akiwapungia mkono.

Kwa hiyo tunasema hivi. Waandaaji wa resi za sikukuu watenganishe madaraja: baiskeli nzito za kawaida peke yake, za mashindano peke yake, na kila daraja lipewe zawadi ya maana badala ya sabuni na makofi. Anayefanya vizuri kwenye daraja la kawaida apandishwe, na klabu impe vifaa. Klabu zinunue pedali na viatu vya namba tofauti viwe mali ya klabu, vizunguke kwa wachezaji kama mipira na bibs za mazoezi zinavyozunguka kwenye timu za soka. Na asiruhusiwe mtu kuingia kwenye resi ya kundi na pedali za kunasa kabla kocha wake hajamwona akichomoa mguu kwa filimbi, kwa sababu anayeanguka katikati ya kundi haanguki peke yake.

Wafadhili nao, mnaopenda kupiga picha na jezi mpya: kofia ngumu kwanza, breki nzima pili, viatu baadaye.

Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza kwenye ardhi ya Afrika, na wanaume wakakimbia kilomita 267.5 kwenye vilima vya jirani zetu. Kutoka Zanzibar mpaka Kigali si mbali kama kutoka Zanzibar mpaka Turin. Atakayetuwakilisha kwenye barabara kama zile huenda sasa hivi yuko Mwanakwerekwe anafunga kreti la mikate kwa mpira wa tairi, miguuni kavaa kandambili. Njumu atazipata, tena anastahili kuzipata. Lakini kwanza apewe namba ya kifuani na nafasi kwenye mstari wa kuanzia.