Futuhi za Mashamba ya Ushirika: Nani Aliyedanganywa?

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, sinema ya Urusi ya Kisovieti ilizaa futuhi za maisha ya shamba ambazo wahakiki wengi wamezoea kuzitia katika kapu moja: propaganda ya kuwahadaa wakulima. Hukumu hiyo ni nyepesi mno, nayo inamdunisha mtazamaji.

Mfano mashuhuri ni Kubanskie kazaki, yaani Wakosaki wa Kuban, filamu ya Ivan Pyryev iliyotolewa mwaka 1950. Wenyeviti wawili wa mashamba ya ushirika, mwanamume na mwanamke, wanashindana katika gulio la mavuno huku wakifichana mapenzi. Bidhaa zimefurika, na nyimbo hazikatiki. Ilhali miaka michache kabla ya hapo, 1946 hadi 1947, njaa ilikuwa imeua watu wanaokadiriwa kufikia milioni 1 au zaidi nchini humo.

Je, mkulima aliuamini wingi huo? Hakuhitaji sinema imweleze yaliyomo chunguni mwake. Alichopokea ni ndoto ya saa mbili na nyimbo za Isaak Dunaevsky, ambazo ziliendelea kuimbwa hata baada ya filamu yenyewe kushutumiwa.

Aliyekuwa katika hatari ya kudanganyika ni mtawala. Katika hotuba yake ya Februari 1956, Khrushchev alidai kwamba Stalin alikijua kilimo kupitia filamu tu, zilizoonyesha meza zikielemewa na bata mzinga na bata bukini. Hapana shaka mrithi huyo alikuwa na sababu zake za kumlaumu mtangulizi wake. Hata hivyo, dai lake linagusa kiini cha jambo. Dola iliagiza sifa zake, kisha ikazisikiliza kana kwamba ni habari. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema huyu alijisifu mwenyewe, kisha akalinywa.

Kwa hiyo, kasoro ya futuhi hizi si kicheko chenyewe, bali mipaka yake. Zilimcheka mwenyekiti mwenye kiburi katika mapenzi. Hazikuthubutu kumcheka aliyempangia bei ya nafaka. Mhakiki wa sanaa ya dola, basi, asitosheke kuuliza iwapo ilisema kweli. Hana budi kuuliza pia ilisemwa kwa ajili ya masikio ya nani.