Gari la Kuvuta Tela: Petroli au Dizeli?

Ukitaka kununua pikapu kubwa ya kuvuta tela, tazama kwanza kazi yake.

Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Ya dizeli huishindilia hewa mpaka iwe moto sana, na mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Ndiyo sababu dizeli huvuta kwa nguvu hata ikizunguka polepole, tena hula mafuta machache. Kule Marekani, pikapu ya Ford F-250 ya mwaka 2020 iliuzwa kwa injini zote mbili: ile ya dizeli, lita 6.7, iliizidi ya petroli, lita 7.3, zaidi ya mara mbili kwa nguvu ya kuzungusha.

Lakini dizeli ni ghali kuinunua na kuitengeneza, na maji yakiingia katika mafuta huharibu pampu. Basi, avutaye mzigo mzito kila juma milimani achukue dizeli. Avutaye wakati wa mavuno tu, petroli yamtosha; fedha itakayobaki iwe karo ya watoto.

Wala usipakie kupita kipimo cha kiwanda. Kupanda ni kazi ya injini, bali kushuka salama kwataka breki nzima, za gari na za tela.