Virusi Hivi Navyo Vina Kwao

Chukua wagonjwa wawili nchini Uchina. Mmoja ni wa Beijing, mwingine wa Kunming, mkoani Yunnan, kule kusini-magharibi. Wote wamepimwa damu na kuambiwa wana homa ya ini aina ya C. Utadhani wanaugua kitu kimoja. La hasha!

Virusi vya C vina jamii kuu 8, na kila jamii ina vikundi vyake vinavyotajwa kwa herufi. Ukilinganisha chembe za urithi, jamii moja hutofautiana na nyingine kwa karibu thuluthi moja. Yule wa Beijing huenda ana 1b, iliyotapakaa Uchina nzima, au 2a, ambayo imeshamiri zaidi kaskazini. Wa Kunming huenda ana 3b. Teremka hadi Guangdong, pwani ya kusini, nawe utakuta 6a kwa wingi, ileile ijulikanayo sana Vietnam na Hong Kong.

Kila aina ilipita njia yake. 1b na 2a zilienezwa zaidi na damu isiyopimwa na sindano zilizotumiwa tena na tena. Virusi vyenyewe vilitambuliwa mwaka wa 1989 tu, na Uchina ikaanza kuwapima watoaji damu mwaka wa 1993. Miaka hiyo ya 90, wakulima maskini mkoani Henan waliuza maji ya damu yao. Wanunuzi walichanganya chembe nyekundu za watu kadhaa, kisha wakawarudishia mwilini. Hebu fikiria: mtu anauza damu yake kwa sababu ya shida, anarudishiwa ya jirani pamoja na ugonjwa wake!

3b na 6a nazo zilifuata heroini. Yunnan imepakana na Myanmar, ambako kasumba hulimwa. Sindano moja hupita mikono mingi. Usiseme hayo ni ya Wachina. Hapa kwetu pia, Mombasa na Malindi, virusi vya C vimepatikana miongoni mwa vijana wanaojidunga mihadarati, na jamii zinazoonekana zaidi nchini ni ya 1 na ya 4.

Zamani aina ndiyo iliyoamua urefu wa mateso. Mwenye jamii ya 1 alidungwa interferoni kwa wiki 48, wa 2 au 3 kwa wiki 24. Tangu mwishoni mwa 2013 vidonge vipya vimeingia, na kwa kawaida wiki 12 humponya mgonjwa. Lakini 3b ni kaidi. Katika majaribio yaliyofanywa Asia na kutangazwa mwaka wa 2019, vidonge vilivyowaponya wengine karibu wote viliwaponya takriban nusu tu ya wenye 3b ambao ini lao lilikuwa limejaa makovu. Ndiyo maana daktari wa Kunming humwongezea mgonjwa kama huyo dawa ya ribavirini, na ndiyo maana mgonjwa huyo ndiye hasa asiyefaa kukawia, kwani makovu hayo hujijenga kimyakimya kwa miaka 20 au zaidi.

Na ikiwa nyumbani kwako yuko mwenye ugonjwa huu, tafadhali mrudishie sahani na kikombe ulivyomtengea. Hauambukizwi kwa chakula wala kwa kukumbatiana. Wembe na mswaki ndivyo visitumiwe na wawili.